Jina la Kifaransa kwa mwanao: mwongozo kamili, kuanzia maana hadi cheti

Wifi yangu ana mimba ya miezi saba. Wiki iliyopita alinitumia kwa WhatsApp orodha ya majina ishirini ya watoto wa kike, "ya Kifaransa, yenye haiba", akaniomba nimchagulie. Niliisoma nikiwa kwenye daladala. Majina tisa yalikuwa na maana moja: "binti mfalme". Matano yalikuwa "mrembo". Chantal lilikuwa "wimbo mtamu", na Claude, maskini, lilikuwa "mwenye neema". Nilicheka kwa sauti hadi konda akanigeukia.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, na jina langu la ubatizo ni la Kifaransa. Nimetembea nalo kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, nimeitwa kwa matamshi ya kila aina, na kwenye vyeti vyangu vya shule limeandikwa kwa namna tatu tofauti. Kwa hiyo sikumjibu wifi kwa orodha nyingine, maana orodha zimejaa tele. Nilimwambia kila jina analolipenda alipitishe kwenye hatua hizi, na litakalobaki ndilo.

Hatua ya kwanza: uliza jina limetoka wapi

Jina kuitwa la Kifaransa si kusema kwamba ni neno la Kifaransa. Mwulize Mfaransa anayeitwa Guillaume maana ya jina lake, wengi watapandisha mabega tu, kama ambavyo wengi wetu hatuwezi kueleza papo hapo Idrisa maana yake nini. Majina haya yamechotwa kwenye visima vinne vikubwa, na ukishajua kisima unakuwa umeshapata nusu ya maana.

Kisima cha kwanza ni Wafranki, kabila la Kijerumani cha kale lililoingia Gaul, yaani Ufaransa ya sasa, na hatimaye kuiachia nchi jina lake. Hawa walipenda majina ya vita. Mfalme wao Clovis, yule aliyebatizwa mjini Reims, jina lake lilijengwa kwa maneno mawili: hlud, anayevuma, na wig, vita. Karne zikapita, C ya mbele ikadondoka, na jina lilelile likawa Louis. Hesabu ya wafalme wa Ufaransa waliolibeba ilifika Louis XVIII. Leo Louise ni katika majina yanayopendwa sana kwa mabinti wa Ufaransa, na anayelipa jina hilo kichanga chake kilicholala anakiita, kwa mujibu wa mzizi, "mwenye sifa vitani". Mathilde ni "nguvu" na "vita". Gérard ana mkuki ndani yake, Bernard ana dubu, na Guillaume ni "nia" iliyovikwa kofia ya chuma. Ukitaka la upole kutoka kisima hiki, nenda kwa Adèle, kutoka adal, yaani ungwana wa ukoo. Na hapa kuna jambo ninalolipenda: Adélaïde, jina refu la mzizi huohuo, lilisuguliwa midomoni mwa watu wa Ufaransa ya kale mpaka likabaki Alice. Wengi huku kwetu wanadhani Alice ni la Kiingereza tupu.

Kisima cha pili ni Kilatini, na hiki kina majina ambayo maana yake inaonekana kwa macho. Claire ni angavu. Lucie limetoka kwenye neno la nuru. Félix ni mwenye heri, Clément ni mpole, mwenye huruma, Vincent ni anayeshinda, Sylvie ni wa msituni, Aurélie ana dhahabu ndani yake, Béatrice ni mwenye kuleta furaha. Renée ni aliyezaliwa upya. Aimée ni mpendwa, na Amandine ni anayestahili kupendwa.

Lakini Kilatini kina miiba pia. Claude, lile la "mwenye neema", limetokana na jina la ukoo wa Kirumi wa Claudius, na neno claudus ni kiwete. Cécile ni wa ukoo wa Caecilius, na caecus ni kipofu. Je, hiyo ni sababu ya kuyakataa? Kwangu mimi hapana. Mtakatifu Sesilia ni msimamizi wa wanamuziki, siku yake ni 22 Novemba, na kwaya nyingi za Kikatoliki zimebeba jina lake bila kumfikiria kipofu yeyote. Ninachosema ni kwamba ujue. Mtoto wako akifika miaka kumi na mbili atatafuta mwenyewe kwenye simu, na ni bora akukute una jibu.

Kigiriki ni kisima cha tatu: Sophie, hekima. Irène, amani. Zoé, uhai. Agathe, mwema. Eugénie, aliyezaliwa kwenye ukoo mwema. Philippe, apendaye farasi. Chloé ni chipukizi bichi la mmea, na sijui jina jingine linalomfaa mtoto wa wiki moja kuliko hilo. Étienne ni taji. Ni Stefano yuleyule, S yake ikageuka É kwa mazoea ya Kifaransa. Mélanie ni mweusi. Naam, mweusi, na orodha za mtandaoni huwa zinalizunguka hilo kwa maneno kama "mwenye fumbo". Sielewi kwa nini. Mama mweusi kumwita binti yake mweusi jina zuri lenye maana hiyohiyo, tatizo liko wapi?

Kiebrania sitakaa nacho sana kwa sababu tunakijua kupitia Biblia na Kurani: Gabriel, Raphaël ("Mungu huponya"), Michel, Anne, Noémie. La kuzingatia ni jinsi Wafaransa walivyoyanyumbua. Élisabeth amezaa Élise, Lise na Isabelle. Marie amezaa Marion na Manon. Jacques ni Yakobo, na kwa hiyo kila Jacqueline unayemfahamu Nairobi au Arusha ni Yakobo wa kike. Viishio -ette, -ine na -on mara nyingi ni vya kudekeza, vya kudogosha: Annette ni "Anna mdogo". Colette naye ni kipande cha Nicolette, jina linalotoka kwa Nicolas, ushindi wa watu.

Sasa Chantal. Si wimbo. Watu wanaona chant na kukimbilia kwenye uimbaji. Chantal ni jina la mahali, linalotokana na neno la kusini mwa Ufaransa la jiwe, na likawa jina la mtu kwa heshima ya Mtakatifu Jeanne wa Chantal, baroni wa kike aliyefiwa na mumewe kisha akawa mtawa. Ukimwita mwanao Chantal umemwita mwamba. Mimi naona ni bora kuliko wimbo.

Kanuni yangu ni moja: ukiambiwa jina linamaanisha "binti mfalme", lishuku. Ni machache mno yenye maana hiyo kwa kweli.

Hatua ya pili: mtafutie pacha wa Kiswahili

Chukua maana uliyoipata na uulize: kwetu tunalo jina lenye maana hii? Mara nyingi tunalo, na kulijua kutakusaidia kwa namna mbili. Utaweza kumweleza bibi yake kwa neno moja, na utapata jina la nyumbani bila kuhangaika.

Espérance ni Tumaini. Irène ni Amani. Lucie ni Nuru. Félicité, lenye maana ya heri, linakaribiana na Furaha. Rose ni Waridi. Ambre, ambalo miaka ya karibuni limependwa sana Ufaransa, lina mzizi mmoja na ambari yetu ya pwani; lote ni anbar ya Kiarabu, lilipanda meli mbili tofauti tu. Aurore ni Alfajiri, ingawa huyo sijamkuta bado.

Marguerite ni jina lenye mkasa. Kwa Kifaransa cha leo neno hilo ni ua dogo jeupe lenye kitovu cha njano, na orodha nyingi zinaishia hapo. Lakini jina lilitangulia ua: limetoka kwenye Kigiriki margarites, lulu. Kwa hiyo Marguerite wa Paris na Lulu wa Tanga ni somo wawili wasiojuana.

Na pacha ninaowapenda kuliko wote ni hawa. Louis XIII wa Ufaransa na mkewe Anne walioana 1615 wakakaa miaka ishirini na mitatu bila mrithi. Alipozaliwa mtoto wa kiume, Septemba 1638, walimwita Louis-Dieudonné, "aliyetolewa na Mungu". Ndiye Louis XIV. Jina hilo leo limejaa Bujumbura, Goma na Bukavu. Ukivuka upande wa Tanzania, Kagera na Kigoma, ambako wamisionari walibatiza kwa sura ya Kilatini, utakutana na Deusdedit, maana ileile. Ukishuka pwani utamkuta Majaliwa. Wote watatu ni mtoto mmoja: yule aliyesubiriwa mpaka majirani wakaanza kusema.

Hatua ya tatu: lipitishe mdomoni

Hapa ndipo majina mengi yanapokufa, na hii ndiyo hatua watu wanayoiruka.

Haiba ya jina la Kifaransa iko masikioni zaidi kuliko kwenye maana. Likipoteza sauti yake, unabaki na herufi. Habari njema ni kwamba Kiswahili kimebarikiwa baadhi ya sauti hizo. Gn ya Kifaransa ni ny yetu: Agnès hutamkwa Anyes, kwa hiyo aliyeandika Anyesi kijijini alisikia vizuri kuliko anayesoma "Agi-nesi". Ch ni sh. Qu ni k. Oi ni wa: Benoît ni Benwa. Eau na au ni o: Margaux ni Margo, Claude ni Klod. R yao inatoka kooni, na ukiikaribisha kwenye gh ya ghali hutakuwa mbali. Irabu zao nyingi zilizotenganishwa kwa alama, kama Noël, Raphaël, Anaïs na Loïc, sisi tunazitenganisha bila kuambiwa, maana Kiswahili husoma kila irabu kivyake. Na é yao ni e yetu kabisa. Amélie likiangukia kwa msomaji wa Kiingereza linaweza kuharibika. Kwa mtoto wa darasa la pili wa Temeke liko salama.

Shida ziko tatu. U yao (tengeneza mdomo wa kusema u, kisha sema i) hatuna. Irabu za puani, kama kwenye Jean na Vincent, hatuna. Na konsonanti au e ya mwisho isiyotamkwa inatusumbua, kwa sababu kwetu kilichoandikwa hutamkwa, na kisichoishia na irabu tunakipachika irabu.

Hapo ndipo mambo yanapochangamka. Denis kwa Kifaransa haitamkwi s ya mwisho. Ukilitamka kwa ufasaha wa Paris mbele ya Waswahili, umemwita mtoto Deni, na shuleni atadaiwa mpaka amalize. Luc akipachikwa irabu anakuwa Luku, kama umeme wa kulipia kabla, na Tanzania nzima itamwuliza kama zimebaki yuniti ngapi. Yves anakaribia ivu. Aline, ukimtamka Alini, anaacha sentensi hewani, watu wanasubiri umalizie: alinifanya nini? Jean ndiye mkubwa wao. Kifaransa ni jina la kiume la heshima, ni Yohana, "Mungu amekuwa na fadhili", na kwa miongo ya mwanzo ya karne ya 20 ndilo lililoongoza kwa wavulana wa Ufaransa. Lakini msomaji aliyezoea Kiingereza atalisoma Jini. Niliwahi kuwa na mwanafunzi wa jina hilo, siku ya kwanza mwalimu wa zamu aliita "Jini!" mstarini, na mpaka anahitimu hakuna aliyemwita vinginevyo.

Upande mwingine kuna bahati. Léa kwa Kiswahili ni amri nzuri kabisa kwa mzazi.

Jaribio lenyewe ni hili. Simama jikoni, mtoto wa kufikirika yuko uani na anacheza mbali. Mwite mara tatu kwa sauti ya hasira. Jina la silabi mbili au tatu lenye irabu ya wazi litafika, Églantine halitafika. Kisha mpigie simu mzee wa familia, mtajie jina mara moja tu, mwache akae nalo nusu saa, halafu mpigie umwulize mjukuu anaitwa nani. Atakachosema ndicho kitakachokuwa jina la mtoto kwa miaka yote ya likizo za Desemba. Kama hicho alichosema unakipenda, endelea. Kama kinakukera, usijidanganye kwamba atajifunza.

Angalia pia mkazo. Wafaransa huweka mkazo silabi ya mwisho, sisi ya pili kutoka mwisho. Sophie wa kwao unapanda mwishoni, wa kwetu unapanda mwanzoni. Halina madhara, ila mtoto akienda kusoma huko asishangae.

Hatua ya nne: jinsia na kistari

Majina mengi ya Kifaransa huenda kwa jozi, na tofauti mara nyingi ni e ya mwisho isiyosikika: André na Andrée, René na Renée, Pascal na Pascale, Désiré na Désirée. Masikioni ni kitu kimoja, kwenye fomu ni watu wawili. Gabriel na Gabrielle vinasikika karibu sawa pia. Karani akidondosha e moja umepata mvulana. Claude, Camille na Dominique huvaliwa na wote.

Kistari nacho kina kazi. Jean-Marie ni jina moja, na ni la mwanamume. Marie-Jeanne ni la mwanamke. La kwanza ndilo linaloamua. Ukiondoa kistari, Ufaransa wataliona la pili kama jina la akiba tu, lile linalokaa kwenye karatasi bila kuitwa. Kama unataka yote mawili yaitwe, andika kistari na ukisimamie.

Hatua ya tano: jua jina lina umri gani

Majina yana vizazi. Kwetu ukisikia Mwanaidi au Tabu unapata picha ya umri fulani, na Wafaransa hivyohivyo. Taasisi yao ya takwimu, INSEE, ina hesabu za majina ya watoto tangu mwaka 1900, kwa hiyo si suala la kubahatisha. Monique ni bibi wa kabla na baada ya vita kuu ya pili. Chantal ni wa miaka ya 1950. Sylvie na Nathalie ni wa 1960, Stéphanie wa 1970, Aurélie wa 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 lililoongoza kwa wavulana lilikuwa Kevin, jina la Kiayalandi, na likazeeka haraka kuliko yote. Ya mababu yamerudi: Louise, Jeanne, Alice, Rose, Jules, Léon. Gabriel limekaa kileleni miaka mingi ya karibuni.

Je, kuna ubaya? Kama mwanao atakulia Mwanza, hakuna. Chantal na Solange huku kwetu ukanda wa maziwa hayajawahi kuzeeka. Lakini kama mnaishi Lyon au Brussels, kumwita mtoto wa 2020 na kitu Ginette ni kama kumpeleka chekechea amevaa kanga ya bibi yake. Wengine wanaipenda hiyo. Mimi ni mmoja wao.

Hatua ya sita: karatasi

Kwa mlioko Ufaransa: mtoto anaandikishwa ndani ya siku tano tangu kuzaliwa, ofisi ya meya ya mahali alipozaliwa, siyo mnapoishi. Zamani, kwa sheria ya 1803, ilibidi jina litoke kwenye kalenda au kwa watu maarufu wa historia ya kale. Sheria ya Januari 1993 iliwafungulia wazazi mlango. Karani hawezi kulikataa jina, lakini akiona litamdhuru mtoto anamjulisha mwendesha mashtaka, naye anaweza kulipeleka kwa hakimu. Ndivyo ilivyotokea kaskazini, Valenciennes, kwa mtoto aliyeitwa Nutella, ile ya kupaka kwenye mkate. Mwaka 2014 mahakama iliamua aitwe Ella. Furaha, Bahati au Neema hayana tatizo lolote huko. Jua tu kwamba h hawaitamki, Rehema atakuwa "Reema", na Saleh atasikika kama salé, yaani yenye chumvi.

Alama za juu na chini ya herufi nazo zina sheria yake Ufaransa: é, è, ê, ë, ï, ç na nyinginezo zilizoorodheshwa zinakubalika. Ñ haimo, na wazazi wa Brittany waliomwita mtoto wao Fañch mwaka 2017 walizunguka mahakamani miaka miwili kwa ajili ya kimawimbi hicho kidogo.

Kwa mlioko huku: Tanzania kizazi kinaandikishwa RITA ndani ya siku 90, Kenya ndani ya miezi sita, ukichelewa kunakuwa na safari zaidi. Usitegemee alama zikubaliwe kwenye kila mfumo. Fungua pasipoti yoyote uangalie mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha, ile yenye <<<. Kule hakuna alama kabisa: Zoé ni ZOE, na kistari cha Jean-Pierre kinageuka <. Kwa hiyo andika jina lako ulilolichagua kwa herufi kubwa bila alama yoyote. Bado unalipenda? AIME bila alama, kwa mfano, si Aimé tena. Kwa Kifaransa limekuwa "penda".

Kisha amua tahajia moja. Ama ya Kifaransa, Agathe, Mathilde, ama ya kwetu, Agata, Matilda. Zote ni halali, na ya kwetu haina aibu. Kisicho halali ni kuchanganya: kadi ya kliniki imeandikwa hivi, cheti cha kuzaliwa vile, cha ubatizo kivyake. Mimi nilipofika kujiunga na chuo, ofisi moja ilinirudisha mara mbili kwa sababu ya herufi moja tu, nikaishia kula kiapo kwa wakili kwamba watu watatu kwenye vyeti ni mimi mmoja. Mwandikie karani jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa, umkabidhi. Usimtajie kwa mdomo. Na usiondoke dirishani kabla hujasoma alichoandika.

Hatua ya saba: mpe na la nyumbani

Nimeliweka mwisho lakini ningeweza kuanza nalo. Majirani zetu wanaotumia Kifaransa hawampi mtoto jina la Kifaransa peke yake. Rwanda na Burundi kila mtoto ana jina lake la Kinyarwanda au Kirundi, ambalo si lazima liwe la baba, kisha la ubatizo. Agathe Uwilingiyimana, aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda, alibeba Kigiriki cha "mwema" na Kinyarwanda cha "anayemtumaini Mungu". Pierre Nkurunziza wa Burundi alikuwa jiwe upande mmoja na habari njema upande wa pili. Soma majina hayo pamoja na utaona yanaongea.

Kongo walilipia jambo hili. Mwaka 1972 Mobutu, kwa siasa yake ya kurudi kwenye asili, alipiga marufuku majina ya Kizungu. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Kardinali Malula aliyepinga aliondoka nchini kwa miezi kadhaa. Wazazi waliendelea kuyatumia ya ubatizo kimyakimya nyumbani, na baada ya 1990 yakarudi hadharani. Ndiyo maana Mkongomani wa leo hujaza nafasi tatu kwenye fomu: jina, jina la pili la asili, na la ubatizo. Mashariki, ambako Kiswahili ndicho cha mtaani, nafasi hizo hujazwa na Furaha, Mapendo, Bahati, Faida, Sifa, kando ya Espérance au Dieudonné.

Unapooanisha, usirudie maana. Espérance Tumaini ni kusema jambo moja mara mbili kwa mtu aliyekwisha kusikia. Oanisha urefu pia: la Kifaransa likiwa refu, la nyumbani liwe fupi. Apollinaire Juma linakaa vizuri. Apollinaire Mwinyimvua linamchosha mwalimu kabla ya mahudhurio kuisha. Na andika herufi za mwanzo za majina yote uone zinaunda nini.

Wifi amepitisha orodha yake yote. Mabinti wafalme tisa walianguka hatua ya kwanza. Aline alianguka kwa kicheko cha kaka yangu. Majuzi yalibaki mawili, Claire na Marguerite, tukampigia mama, Ujiji, kwa lile jaribio la simu. La Claire mama alilishika: "Kileri". La pili lilimshinda, akaniuliza tena lilikuwa na maana gani. Nikamwambia lulu.

"Sasa si mseme Lulu," akasema, "mnazunguka nini?"

Cheti kitaandikwa Marguerite. Mama ameshaanza kumshonea Lulu foronya.